Rangi Tano za Ukindu

Ndoto hii niliiota jana mchana, maana usiku wangu siku hizi ni wa Hidaya, mwanangu wa miezi saba, na mtu hawezi kuota bila kupewa nafasi ya kulala. Ilipofika saa nane Hidaya alisinzia akiwa bado ananyonya. Nikamlaza, nikarudi mezani kwenye laptopu, nikasema nafumba macho dakika tano tu.

Niseme kwanza nilikuwa nafanya nini pale mezani. Nasoma masomo ya jioni hapa Morogoro, kompyuta na takwimu, na mwalimu wetu, Mwalimu Kapinga, ametupa kazi ya kuchora grafu ya uzito wa watoto watano, mwezi hadi mwezi, kila mtoto na mstari wake. Mimi nilichukua watoto watano wa kliniki yetu, Hidaya akiwemo. Kuchora si tatizo. Ile maktaba ya kuchorea grafu, yaani programu iliyoandikwa tayari, ukiipa namba inachora, na usipoiambia rangi inachagua yenyewe: mstari wa kwanza buluu, wa pili chungwa, wa tatu kijani, wa nne nyekundu, wa tano zambarau. Hizo ndizo rangi za kiwandani. Zinatoka hivyo hivyo kwa kila mtu, na Mwalimu Kapinga amezichoka.

"Msiniletee tena buluu na chungwa," alituambia. "Kila mtu afungue faili la mipangilio, abadilishe ya msingi, aweke yake. Nataka nikishika karatasi nijue ni ya nani kabla sijasoma jina."

Aliposema vile nikamkumbuka mama. Mama yangu, Somoe binti Mbonde, alikuwa msukaji wa mikeka kule Utete, Rufiji, na mkeka hauandikwi jina. Watu wanautandaza, wanatazama rangi za ukindu, yale majani ya kusukia, zinavyofuatana, wanasema huu ni wa Somoe, huu wa fulani. Mama alikuwa na rangi tano: njano, nyekundu, kijani, zambarau na nyeusi. Alizipanga kwa mpangilio mmoja maisha yake yote, na mimi nilikua juu ya mpangilio huo. Nilijifunza kukaa juu yake, kula juu yake, kusali juu yake. Nikasema basi, kazi yangu nimeshaipata. Nikafungua faili, nikaandika jina la rangi ya kwanza, nikakwama.

Rangi zote tano nilizikumbuka. Jinsi zinavyofuatana, sikukumbuka.

Na mkeka wa kutazama haupo. Mama alipofariki, mwaka juzi, vitu vyake alipewa mama aliyeuosha mwili wake, kama ilivyo desturi kwetu, na mkeka wake wa mwisho ukaenda humo humo. Picha hatukuwa nayo. Nani anapiga picha mkeka anaoukalia kila siku? Basi nikajaribu: njano, nyekundu, kijani, zambarau, nikamalizia na nyeusi, kwa kuwa wasukaji wote ninaowajua humalizia na nyeusi. Nikaitazama grafu. Ulikuwa mkeka wa mtu mwingine. Nikajaribu tena, na tena, nikibadilisha zile nne za mwanzo, nyeusi nikiiacha mwisho kila mara. Yote ilikuwa mikeka ya watu wengine. Ndipo nikaweka kichwa mezani.

Naona mhimili wa wima wa ile grafu umetoka kwenye kioo cha laptopu, umesimama karibu na kabati la vyombo.

"Shikamoo," nikamwambia, kwa sababu alikuwa mrefu.

"Marahaba. Una kiti?"

"Kiti ni hiki nilichokalia."

"Basi acha. Nimesimama tangu maktaba hii inaandikwa, sitakufa leo."

Mwenzake wa mlalo alikuwa amejinyoosha kando ya ukuta kutoka mlangoni mpaka kwenye jiko la gesi, na miezi saba imepangwa juu yake kama vikombe. Akaniomba nikipita nisimkanyage mwezi wa nne.

"Mwezi wa nne mtoto aliharisha," akasema. "Pale pananiuma mpaka leo."

Ni kweli. Mstari wa Hidaya unashuka mwezi wa nne. Nikauruka kwa uangalifu.

Mlango ukagongwa, wakaingia watu watano waliovaa ovaroli, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na chombo chake cha chakula. Wa mbele alikuwa Buluu. Wa nyuma yake akasema, bila kuulizwa, "Mimi huwa wa pili." Huyo alikuwa Chungwa.

"Karibuni," nikasema. "Sijui mmetumwa na nani, maana sikuwaita."

"Hakuna anayetuita, dada," akasema Buluu. "Mtu akinyamaza, sisi tunaingia. Ndiyo kazi yetu." Akatoa karatasi yenye muhuri, akanipa kwa mikono miwili. "Hii ni yako."

Ilikuwa taarifa. Ilisema kwamba mpangilio wa rangi za mkeka wa marehemu Somoe binti Mbonde hausomeki mahali popote. Kama mrithi wake hatausema kabla ya saa tisa na nusu alasiri, ofisi inapofungwa, nafasi hiyo itajazwa kwa rangi za kiwandani. Kuanzia hapo kila nitakapoukumbuka mkeka wa mama, nitaukumbuka ukiwa na buluu, chungwa, kijani, nyekundu na zambarau.

Nikaisoma mara mbili.

"Hata ule niliojifunzia kusali?"

"Na huo."

"Hata ule aliokuwa akiutandika nje tukifuturu kwa muhogo, mimi na yeye, mwezi wa Ramadhani?"

"Yote, dada. Ni kumbukumbu moja, inabadilishwa mara moja." Buluu akalegeza kola ya ovaroli yake. "Si rangi mbaya. Watu wengi wanaishi nazo vizuri."

Sikubishana naye. Alikuwa mstaarabu, na wale wenzake walikuwa wameshaanza kufungua vyombo vya chakula. Nikamfunga Hidaya mgongoni kwa kanga, nikafungua mlango kwenda ofisini. Ofisi ilikuwa pale pale nje ya mlango, mahali penye koridoo ya wapangaji.

Nyuma ya dirisha la huduma alisimama karani mmoja mwembamba sana, mweusi, asiye na mikono wala kichwa. Alikuwa kile kijistari kinachopepesa kwenye kioo, pale unapotaka kuandika. Anaonekana, haonekani, anaonekana.

"Usidhani nakukonyeza, mama," akaniambia. "Ni kazi."

"Sijadhani kitu. Nimekuja kwa habari ya mkeka."

"Umeshasema mpangilio?"

"Siukumbuki."

"Basi tutautafuta. Utaratibu ni huu: kwanza tunatafuta faili kwenye chumba ulichomo. Tukikosa, tunakwenda nyumbani kwenu. Tukikosa na huko, tunachukua la kiwandani. Hatuna mahali pa nne." Akachungulia nyuma yangu, ndani ya chumba changu, ambapo wale watano walikuwa wanakula wali. "Humo hamna. Nyumbani ni wapi?"

Akanisogezea fomu. Nikaandika Morogoro, na mtaa wetu, na jina la mwenye nyumba. Fomu ikafuta nilichoandika. Nikaandika tena kwa herufi kubwa. Ikafuta tena, halafu ikaandika yenyewe, kwa mwandiko wangu wa darasa la pili: Utete.

"Fomu haikosei," akasema karani. "Twende, saa tisa imeshapiga."

Tulipiga hatua tatu tu, na chini ya miguu yangu sakafu ikawa mchanga. Mbele yetu palikuwa na ua wa makuti wa kwetu, ule ule, na pale kwenye mwanya ambapo kuku walikuwa wanapita, kuku walikuwa wanapita. Mlangoni pameninginizwa kibao: MIPANGILIO YA HUMU NI YA HUMU. UKITOKA, IMEKWISHA.

"Mimi nabaki hapa," akasema karani. "Nikiingia ndani ya ua sitatoka nikiwa karani. Wewe ingia. Nitakuwa nakutajia saa."

Nilipovuka kizingiti nikawa na miaka saba. Gauni langu likawa lile la mistari, lililofupishwa mara mbili. Hidaya alibaki na miezi yake saba, kwa hiyo mgongoni alinielemea, nikaanza kuyumba.

"Mlete huyo kabla hujaanguka naye," akasema mama.

Alikuwa amekaa uani, miguu ameinyoosha, sindano ya kushonea mkeka kaibana midomoni. Hakushangaa kuniona. Aliinua mikono tu, nikampa mtoto, na nikapiga goti kwa goti langu lile lenye kidonda cha kuanguka kisimani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nywele nani kakusuka?"

"Mwenyewe."

"Inaonekana." Akamtazama Hidaya usoni kwa muda mrefu, kama anavyotazama ukindu kabla ya kuuchana. "Huyu kachukua paji la uso langu. Wewe nilikunyima. Anaitwa nani?"

"Hidaya."

"Jina zuri. Analala mapema?"

"Halali kabisa, mama. Usiku kucha macho."

"Kama wewe." Akamlaza kifudifudi juu ya ule mkeka aliokuwa anaushona, akampigapiga mgongoni mara nne, hata tano haikufika, na mtoto akalala. Shavu limelala juu ya ukili, ule mkanda wa ukindu uliosukwa, mdomo wazi. Mimi mwenyewe humpigapiga nusu saa.

Nilitaka kukaa pale. Harufu ya ukindu uliochemshwa ilikuwa imejaa uani, ile harufu ya majani na moshi na kitu kama chumvi. Kwa muda nikasahau nilichofuata. Kisha karani akasema kutoka mlangoni, "Saa tisa na dakika kumi," nami nikautazama mkeka.

Haukuwa na rangi. Ulikuwa umesukwa vizuri, umeshonwa nusu, lakini chane zote, vile vipande vya ukindu vilivyochanwa, zilikuwa na rangi moja, ile ya jani likishakauka. Pembeni sufuria ya kutilia rangi ilikuwa inachemka, na ndani yake yalikuwa maji matupu.

"Mama, rangi ziko wapi?"

"Zimenyamaza," akasema. "Mimi nasuka hivyo hivyo. Muulize aliyezinyamazisha."

"Ni nani?"

Akanionyesha ukuta wa jiko kwa kidevu.

Ukutani palikuwa pameandikwa kwa mkaa, mstari kwa mstari. Lilikuwa faili la mipangilio ya nyumba yetu, na sikuwahi kuliona ingawa nimeishi ndani yake miaka yote ile. Chumvi: kidogo. Mlango wa mbele: wazi mpaka magharibi. Mgeni: apewe maji kabla ya kuulizwa. Mwajabu: asiamshwe kwa kelele. Mwajabu ni mimi. Nilisoma huo mstari, nikaurudia.

Mstari wa mwisho ulisema: Rangi za mkeka. Baada ya hapo nikaona ukungu, na mwanzoni mwa mstari pamewekwa alama ya reli, ile ya mistari miwili kwa miwili, kubwa kama kiti.

"Upo," akasema karani, akinyoosha shingo ambayo hakuwa nayo. "Mstari upo wote, haujafutwa. Umewekewa alama ya reli mbele. Mfumo ukikuta alama ya reli unapita, hausomi. Ni kama mtu aliyefungwa kitambaa mdomoni."

"Nani kaiweka?" nikauliza, ingawa mwandiko wa mkaa ulikuwa umebadilika pale, ulikuwa wa mtu mzima, na herufi zake zinalala kushoto kama zangu.

Mama aliendelea kushona. "Sema mwenyewe."

"Ni mimi," nikasema. "Baada ya arobaini. Baba Hidaya alisema twende kwa yule mama aliyekuosha, tumwombe tuutazame tu mkeka. Nikamwambia neno mkeka lisitajwe tena ndani ya nyumba yangu. Hajalitaja tena mpaka leo."

"Ulitaka nini?"

"Nilitaka niache kulia."

"Ukaacha?"

"Niliacha."

"Ukaacha na mengine yote." Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama anasoma urefu wa kitambaa. "Haya, inyanyue. Mimi siwezi, nimeshika sindano."

Nikaishika ile alama ya reli. Mtu mzima angeinyanyua kwa shida, na mimi nilikuwa na miaka saba. Nikaiegemea, nikaisukuma kwa bega, nikaikumbatia. Kwa karibu haikufanana na reli hata kidogo. Ilikuwa miti minne iliyopitana juu na chini, kama chane nne za kwanza mtu anapoanza ukili. Nikaitikisa mpaka ikachomoka. Nikaiburuta mpaka uani, nikaiegemeza kwenye kinu.

Ukungu ukaondoka, na maji yakaanza kuongea kwenye sufuria.

Njano ndiyo ilitoka kwanza. Ikapanda ukingo wa sufuria, ikatambaa mchangani, ikaingia kwenye chane za kwanza za mkeka kwa utulivu kama mtu anayeingia kwake. Nikatabasamu. Njano ya kwanza hata mimi nilikuwa nayo. Nikaingoja nyekundu.

Ikatoka nyeusi.

"Samahani," nikaiambia. "Nafasi yako si ya mwisho?"

"Kwa wengine," akasema Nyeusi. "Hapa mimi ni wa pili."

"Tangu lini?"

"Muulize mama yako. Au jiulize mwenyewe, ulikuwepo." Akapita.

Mama akacheka, kicheko kile cha puani ambacho nilikuwa nimesahau kwamba kipo duniani.

"Hukumbuki?" akasema. "Sufuria ilikuwa hiyo hiyo moja. Tunaanza na rangi nyepesi, njano, halafu tunapanda, nyeusi ya mwisho, maana maji yakishaingia nyeusi hakuna rangi nyingine itakayokubali. Sasa siku hiyo nikakuachia njano ikichemka, nikaenda kuchota maji. Nikakwambia nini?"

"Ukaniambia nisiguse."

"Nikarudi njano umeshaitoa, umeianika vizuri kabisa, kisha umemwaga pakiti nzima ya nyeusi. Umesimama pale, mikono mpaka viwiko nyeusi, unaniambia ni moshi."

"Nilidhani ni nyekundu. Pakiti zilikuwa zinafanana."

"Sasa ndiyo unasema. Wakati ule ulisema moshi."

"Ulinipiga?"

"Ningekupigia nini? Ukindu ulikuwepo, nyeusi ilikuwepo. Nikautia. Sufuria nikaisugua kwa mchanga siku mbili, na mikono yako wiki nzima. Wakati nangoja, nikaanza kusuka na nilizonazo, njano na nyeusi. Nyekundu ikaja baadaye, kijani ikaja, zambarau ikaja. Wenzangu wakautazama mkeka wakasema, eh, Somoe, leo umekosea. Nikawaambia sijakosea, huu ndio mpangilio wangu. Na kweli ukawa wangu. Sikuubadilisha tena."

Nyekundu ilikuwa inatambaa mchangani wakati huo, na kijani nyuma yake, na zambarau mwisho, ikiburuza miguu kama mtu aliyezoea kuwa wa tano. Zikaingia mkekani moja moja. Nikautazama. Ulikuwa mkeka wa mama. Ule niliokula juu yake. Sikuhitaji kuusoma.

"Miaka yote nilidhani mpangilio huu umeurithi kwa bibi," nikasema. "Kumbe ni wangu."

"Ni wangu," akasema mama. "Wewe ulimwaga tu."

"Saa tisa na dakika ishirini na tano," akasema karani.

Mama akamnyanyua Hidaya, akamfunga mgongoni mwangu mwenyewe, fundo la kanga akalikaza kwa namna yake, juu kidogo. Nikamshika mkono.

"Twende wote."

"Wapi?"

"Morogoro. Chumba ni kimoja lakini tutakaa. Utanisaidia na huyu."

"Umekisoma kibao?"

"Nimekisoma."

"Basi." Akanifuta mchanga gotini, pale kwenye kidonda, bila kukigusa. "Mimi ni wa humu, mwanangu. Mstari ni wa kwenye ukuta, huo umeshafunguliwa, unasomeka hata ukiwa nje. Nenda ukauseme kabla mtu wa watu hajafunga dirisha lake."

Nilivuka kizingiti. Nikawa mrefu, goti likapona, na Hidaya akawa mwepesi. Sikugeuka mara moja. Nilipogeuka, ua haukuwepo. Palikuwa na koridoo ya wapangaji na ndoo ya jirani.

Karani alikuwa ameshasimama dirishani, anapepesa haraka haraka.

"Sema. Kwa sauti. Ofisi hii inampokea mwenye kusema."

"Njano," nikasema. "Nyeusi. Nyekundu. Kijani. Zambarau."

"Nyeusi ya pili?"

"Ya pili."

"Sababu? Kuna kisanduku cha sababu."

"Mtoto alimwaga."

Akaandika. Alijiandika mwenyewe, kwa kutembea kutoka kushoto kwenda kulia, na nyuma yake maneno yakabaki. Akagonga muhuri.

"Na mwingine akija akasema tofauti?" nikamuuliza.

"Anayesema mwisho ndiye anayesikilizwa. Ndiyo kanuni."

"Basi kuna siku atasema huyu," nikasema, nikimwonyesha mgongoni kwangu.

"Akikosea je?"

"Tutasuka na zitakazokuwepo."

Wale watano walikuwa wamemaliza kula, wamefuta meza, na vyombo wameviosha. Buluu alikuwa anavaa kofia.

"Kwa hiyo hatuhitajiki," akasema.

"Leo hapana. Asanteni kwa kuja. Mnakwenda wapi sasa?"

"Wapo wengi walionyamaza," akasema Buluu, akanipa mkono. Wakatoka kwa mpangilio wao, na Chungwa akahakikisha ni wa pili.

Nikaamka. Shavu langu lilikuwa juu ya vitufe vya laptopu, na kwenye faili nilikuwa nimeandika herufi moja mistari tisa. Nikaifuta yote. Sikunawa uso, sikunywa maji. Niliandika zile rangi tano zikifuatana kama nilivyozisema dirishani, nikahifadhi, nikachora upya.

Mistari ikatoka. Njano, nyeusi, nyekundu, kijani, zambarau. Niliitazama grafu ya uzito wa watoto watano nikasikia kwikwi inapanda, nikaiacha ipande. Nikalia pale mezani kama mtoto, na haikunidhuru.

Baba Hidaya aliingia wakati huo kutoka kazini, anavua viatu mlangoni. Jina lake Shamte, ni mtu wa maneno machache. Akanitazama mimi, akatazama kioo.

"Kazi ngumu?"

"Imeisha."

"Mbona nyeusi umeiweka pale? Ingekaa mwisho."

"Hapo ndipo pake."

"Haya." Akaenda kitandani kumchukua mwanawe, ambaye alikuwa ameshaanza kujinyonganyonga. Akamwinua, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama Hidaya, huyu umemlaza wapi?"

"Kitandani. Hapo hapo ulipomtoa."

"Kitandani kuna shuka." Akapitisha kidole kwenye shavu la mtoto, polepole. "Hebu njoo."

Nikaenda. Shavu lote la kulia, kuanzia chini ya jicho mpaka pembeni ya mdomo, lilikuwa limepigwa chapa. Vijistari vya mshazari, vinapitana juu na chini, juu na chini, vimebana, sawasawa, na katikati mshono mmoja mrefu ambapo ukili mmoja umeungwa na mwenzake. Shuka letu ni la pamba, laini, limefuliwa mpaka limekuwa kama karatasi. Chini tuna zulia la plastiki. Hidaya akatucheka, na vijistari vikasogea pamoja na shavu.

Shamte alivifuata kwa kidole mpaka mwisho. Yeye mwenyewe kakulia Rufiji. Niliona anakijua anachokiona, na niliona anatafuta neno lingine la kutumia.

"Sema tu," nikamwambia.

"Huu ni mkeka," akasema.

"Ni mkeka."

"Wa nani?"

"Wa mama."

Akakaa ukingoni mwa kitanda na mtoto mapajani, akanisogezea nafasi.

"Haya," akasema. "Nieleze."